Huruma Isiyohesabu Siku



Tarehe 20 Agosti 2009, mtu mmoja mgonjwa alipanda ngazi za ndege katika uwanja wa Glasgow, nchini Uskoti. Alivaa nguo nyeupe za michezo na kofia, akajikongoja kwa fimbo. Jina lake lilikuwa Abdelbaset al-Megrahi, raia wa Libya. Mwaka 2001 mahakama ilikuwa imemhukumu kifungo cha maisha kwa kosa la kuwaua watu 270. Sasa kansa ya tezi dume ilikuwa imemwenea mwilini, na madaktari walikadiria kwamba amebakiwa na miezi kama mitatu ya kuishi. Waziri wa Sheria wa Uskoti, Kenny MacAskill, alitumia sheria ya mwaka 1993 inayoruhusu mfungwa aliye karibu na kifo aachiliwe kwa huruma, akamruhusu arudi kwao akafe miongoni mwa watu wake.

Neno hilo, huruma, ambalo sisi hulitamka kila tunaposali, siku ile liliigawanya dunia. Wengine walisema ni aibu, wengine wakasema ni ushujaa. Ningependa tulitafakari pamoja, kwa sababu ni rahisi kusifu huruma inapomwendea mtu mwema aliyeteleza. Mtihani wake wa kweli huja inapomwendea mtu ambaye dunia nzima ingependa imsahau gerezani. Je, mtu wa namna hiyo aweza kuhurumiwa pasipo kuwadhulumu waliokufa? Mimi naamini aweza. Lakini anayelisema jambo hilo upesi hajalielewa bado; kwa hiyo tuanze na wale waliokufa.

Jioni ya tarehe 21 Desemba 1988, zikiwa zimebaki siku nne kufika Noeli, ndege ya Pan Am namba 103 iliondoka London kuelekea New York. Bomu lililofichwa ndani ya redio ya kaseti, katika sanduku la nguo, lililipuka ndege ikiwa juu ya mji mdogo wa Lockerbie. Watu wote 259 waliokuwa ndani walikufa, na mabaki yaliyoanguka juu ya nyumba yakawaua watu 11 wa mji ule. Marehemu hao walikuwa wa mataifa 21. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi 35 wa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, waliokuwa wakirudi kwao baada ya muhula wa masomo Ulaya. Walikuwa vijana wa umri wenu. Masanduku yao yalikuwa na zawadi za Noeli.

Baada ya msiba huo, wanawake wa Lockerbie walifanya jambo ambalo halikuandikwa katika sheria yoyote. Nguo za marehemu zilikuwa zimetawanyika mashambani, zikiwa zimechafuka kwa matope na mafuta ya ndege. Wanawake hao walizifua, wakazipiga pasi na kuzikunja, ili kila kilichoweza kurudishwa kiwafikie wazazi kikiwa safi. Hawakuwajua watu wale. Naomba mlihifadhi jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Haki ilichelewa sana. Libya ilikataa kwa miaka mingi kuwatoa watuhumiwa wawili. Hatimaye kesi ilianza mwezi Mei 2000, huko Camp Zeist nchini Uholanzi, mbele ya mahakimu watatu wa Uskoti waliofuata sheria ya Uskoti. Tarehe 31 Januari 2001 mmoja wa watuhumiwa aliachiliwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na Megrahi akahukumiwa. Tangu siku ile hadi kufa kwake alisema kwamba hana hatia.

Basi waziri alipotangaza uamuzi wake, familia nyingi za Marekani zilihisi kwamba jeraha limefunguliwa upya. Rais Barack Obama alisema kwamba kumwachilia lilikuwa kosa. Robert Mueller, mkuu wa FBI, ambaye zamani alishughulikia upelelezi wa kesi hiyo, alimwandikia waziri barua kali. Wamarekani wengine walihimizana wasinunue bidhaa za Uskoti wala kwenda kuitembelea nchi hiyo. Huko Uskoti kwenyewe, tarehe 2 Septemba, Bunge lilipiga kura kuupinga uamuzi ule, kura 73 dhidi ya 50.

Lakini wafiwa wote hawakuwa na sauti moja. Nchini Uingereza, Daktari Jim Swire, aliyempoteza binti yake katika ndege ile, aliunga mkono kuachiliwa kwa Megrahi, kwa kuwa baada ya kuifuata kesi kwa miaka mingi alikuwa ameamini kwamba aliyefungwa siye. Viongozi wa Kanisa la Uskoti la Kiprotestanti waliusifu uamuzi, na Askofu Mkuu Mario Conti, wa Jimbo Kuu Katoliki la Glasgow, aliutetea hadharani. Tusifikiri basi kwamba upande mmoja ulikuwa wa watu wenye uchungu, na upande wa pili wa watu wasioujua.

Wahenga walisema: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mzazi wa Marekani aliyekasirika siku ile hakuwa na deni kwetu la kutufundisha upole. Aliyempoteza mtoto wake angani, na baada ya miaka ishirini akamwona aliyehukumiwa kwa kifo hicho akipanda ndege kurudi nyumbani, ana haki ya kulia kwa sauti. Kijana Mkristo atakayemwendea mtu kama huyo na kumwamuru asamehe hajahubiri Injili. Amemtwika aliyelemewa mzigo mwingine.

Hapa ndipo tunapohitaji kutofautisha mambo mawili ambayo mijadala ya mwaka 2009 iliyachanganya mara nyingi: msamaha, na huruma ya sheria.

Msamaha ni mali ya aliyejeruhiwa. Hakuna waziri, bunge wala askofu awezaye kuutoa kwa niaba yake. Huruma ya sheria ni jambo jingine: ni mpaka ambao taifa limejiwekea lenyewe juu ya namna litakavyomtendea hata mtu mbaya kupita wote. Papa Yohane Paulo wa Pili alituonyesha tofauti hiyo kwa maisha yake. Tarehe 13 Mei 1981, Mehmet Ali Ağca alimpiga risasi katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Siku chache baadaye, akiwa bado hospitalini, Papa alitangaza kwamba amemsamehe. Mwezi Desemba 1983 alimtembelea gerezani Roma, wakaketi wawili wakizungumza kwa sauti ya chini. Hata hivyo Ağca alibaki gerezani Italia hadi mwaka 2000, Rais wa Italia alipompa msamaha wa kisheria. Papa alisamehe, na mlango wa gereza haukufunguka siku ile. Huko Uskoti mlango ulifunguka, na wafiwa wengi walikuwa hawajasamehe. Mambo haya mawili hutembea katika njia mbili. Mlango ukifunguliwa kisheria, mama aliyefiwa halazimiki kufungua moyo wake siku hiyo hiyo.

Waziri MacAskill, katika maneno aliyoyatoa kutangaza uamuzi wake, alikiri kwamba Megrahi hakuwaonea huruma watu aliohukumiwa kwa kuwaua. Kisha akasema kwamba hilo peke yake si sababu ya watu wa Uskoti kumnyima huruma wao. Mimi naona kwamba kiini cha jambo lote kimo humo. Ikiwa tunamtendea mhalifu kwa kipimo chake mwenyewe, basi yeye ndiye aliyetuandikia sheria zetu. Mtu aliyetega bomu angetaka sana kutufundisha kwamba huruma ni udhaifu. Taifa linalokataa somo hilo halijawasaliti waliokufa. Limekataa kufanana na aliyewaua. Yezu alipotaja kuwatembelea wafungwa miongoni mwa matendo tutakayoulizwa siku ya mwisho, hakuweka sharti kwamba kwanza tuulize mfungwa huyo alifungwa kwa kosa gani.

Tena huruma haifuti hukumu. Megrahi aliondoka Uskoti akiwa mtu aliyehukumiwa, na alikufa akiwa mtu aliyehukumiwa. Kwa kweli kulikuwako mashaka juu ya kesi yake: mwaka 2007 tume ya Uskoti inayochunguza hukumu iliirudisha kesi mahakamani, ikisema kwamba huenda haki ilipotoshwa. Siku chache kabla ya kuachiliwa aliiondoa rufaa yake. Baada ya kifo chake familia yake ilikata rufaa nyingine, nayo ikakataliwa mwezi Januari 2021. Wanaomwona hana hatia na wanaomwona mwuaji bado wanabishana. Lakini waziri hakusema kwamba ana hatia kidogo, wala kwamba hana. Alisema kwamba anakufa. Huruma ikitegemea mashaka juu ya hatia, haitakuwa huruma tena, itakuwa haki iliyochelewa. Huruma humwangalia mwenye hatia akiwa na hatia yake yote.

Sasa nafika kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote. Miezi mitatu ilipita, na Megrahi hakufa. Mwaka ukapita. Watu wakaanza kuhesabu. Katika kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kuachiliwa kwake, magazeti yaliandika kwamba bado yu hai, kana kwamba kuendelea kupumua kulikuwa kosa jipya. Wanasiasa waliuliza kwa ghadhabu kwa nini mtu huyu hajafa kama ilivyoahidiwa. Alikufa tarehe 20 Mei 2012 mjini Tripoli, miaka miwili na miezi tisa baada ya kuachiliwa.

Naelewa maana ya swali hilo kisheria. Ikiwa madaktari walidanganya, au walishawishiwa waseme miezi mitatu badala ya mitatu mara kumi, ni haki kuchunguza, kwa sababu huruma iliyojengwa juu ya uongo huiba imani ya watu. Lakini daktari akadiriaye maisha ya mgonjwa wa kansa hubahatisha. Kila familia iliyouguza inajua hivyo. Ni wangapi kati yetu tulioambiwa kwamba bibi hatavuka Pasaka, naye akasherehekea Noeli pamoja nasi? Tulimshukuru Mungu kwa siku zile. Kwa Megrahi siku zile zile ziligeuka kuwa deni. Tujihoji basi: tulimpa mtu huyu huruma, au tulimkopesha kifo na kumdai akilipe kwa wakati? Anayetoa huruma huku ameshika kalenda mkononi, akingoja mtu afe ili athibitike kuwa alistahili, hajatoa kitu. Kilichotolewa kimetolewa.

Wala tusiufunike upande wa pili. Huruma humdai anayeipokea, na kilichotokea Tripoli usiku ule kiliwaumiza watu bila sababu. Waziri Mkuu wa Uingereza, Gordon Brown, alikuwa amemwomba Kanali Gaddafi ampokee mgonjwa huyo kwa utulivu. Badala yake umati ulimngoja uwanjani ukipeperusha bendera, nyingine zikiwa za Uskoti, na mtoto wa Gaddafi aliyesafiri naye aliuinua mkono wake juu kama wa mshindi. Mtu arudiye nyumbani kufa, akiwa na hukumu ya vifo 270 juu yake, hupokewa kwa kilio cha ndani au kwa kimya. Shangwe zile ziligeuza zawadi kuwa nyara ya vita. Zilimfanya kila aliyetetea huruma aonekane mjinga, na kila mfiwa aonekane ameshindwa.

Tena kulikuwako harufu ya mafuta ya petroli. Libya ilikuwa na visima, na makampuni ya Uingereza yalitaka mikataba. Uchunguzi wa nyaraka za serikali, uliotolewa London mwaka 2011, ulionyesha kwamba serikali ya Uingereza ya wakati ule ilipenda Megrahi aachiliwe na ilitaka kusaidia, ingawa haukuona kwamba ilimshurutisha waziri wa Uskoti. MacAskill mwenyewe alilikataa ombi la Libya la kuhamishiwa mfungwa kwa mapatano ya serikali mbili, akakubali ombi la huruma peke yake. Mimi namwamini. Lakini tuone jinsi biashara inavyoichafua rehema hata inapoikaribia tu. Siku watu watakapoamini kwamba huruma ina bei, maskini wasio na visima vya mafuta hawataiomba tena.

Pengine mtasema: Lockerbie ni mbali. Basi sikilizeni jirani. Tarehe 19 Septemba 1989, miezi tisa baada ya Lockerbie, ndege ya UTA namba 772 iliondoka Brazzaville, ng'ambo ya mto kutoka Kinshasa, ikatua N'Djamena, kisha ikaelekea Paris. Bomu liliilipua juu ya jangwa la Ténéré, nchini Niger. Watu wote 170 walikufa, Wakongo wengi wakiwa miongoni mwao. Mwaka 1999 mahakama ya Paris iliwahukumu Walibya sita kifungo cha maisha bila wao kuwapo. Libya haikumtoa hata mmoja wao kwa Ufaransa ili akitumikie kifungo hicho. Miaka mingi baadaye jamaa za marehemu walikwenda jangwani, wakapanga mawe meusi kwa umbo la ndege, na kuyazungushia vioo 170 vilivyovunjika, kimoja kwa kila marehemu. Kwa wafiwa hao swali la kumhurumia mfungwa halikuzuka kamwe, kwa kuwa hapakuwa na mfungwa. Haki isipofika, hata huruma haina mlango wa kugonga.

Sisi wa mashariki mwa Kongo tunalijua jambo hili kwa mwili wetu. Mwaka ule ule 2009, mwezi Januari, Bosco Ntaganda, aliyekuwa akitafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa hati iliyotolewa mwaka 2006, aliingizwa katika jeshi letu la taifa akiwa na cheo cha jenerali. Tuliambiwa ni kwa ajili ya amani. Akasubiriwa hadi mwaka 2013 kufika mbele ya mahakimu wa The Hague, na mwaka 2019 akahukumiwa miaka 30. Tukiweka matukio haya mawili ya mwaka mmoja kando kwa kando, tutaona tofauti iliyo kubwa kama mlima. Uskoti ilimshitaki mtu, ikawasikiliza mashahidi, ikatamka hukumu, ikamfunga, kisha ikamhurumia alipokuwa anakufa. Kwetu mara nyingi mtu hupewa cheo kabla hajaulizwa swali hata moja, na watu husema tumesamehe. Huo si msamaha wala si huruma. Ni kuchoka. Waliofiwa Kiwanja na kwingineko hawakuombwa lolote, hata wakumbukwe tu.

Kwa hiyo kijana atakayewauliza kama Mkristo anapaswa kutetea huruma ya namna ile ya Uskoti, mwambieni ndiyo, kisha mwongezeeni masharti yake. Ukweli utafutwe kwanza na hukumu itamkwe kwa jina. Wafiwa waelezwe kabla ya magazeti, nao waruhusiwe kukasirika. Anayehurumiwa apokee kwa unyenyekevu. Fedha ikae mbali. Yakitimia hayo, mlango ufunguliwe, na siku za mgonjwa zisihesabiwe tena, ziwe tatu au elfu.

Nirudi sasa kwa wanawake wa Lockerbie. Walipofua nguo zile hawakungoja kujua nani ametega bomu. Walijua tu kwamba mahali fulani yuko mama atakayelipokea shati la mwanawe, na hawakutaka alipokee likiwa na matope. Mji wao na Chuo Kikuu cha Syracuse vimeendelea kushikana mikono: kila mwaka vijana wawili wa Lockerbie hupewa nafasi ya kwenda kusoma huko, kwa kumbukumbu ya wale 35. Mwaka 2022, baada ya miaka 34, mtuhumiwa mwingine kutoka Libya alifikishwa mbele ya mahakama ya Marekani. Kutafuta haki hakukukoma kwa sababu mtu mmoja alihurumiwa, na kuwakumbuka waliokufa hakukukoma pia. Mkono mmoja ulishika sheria, mwingine ukafua nguo. Nchi yetu inahitaji mikono yote miwili, na ninyi ndio wenye mikono hiyo.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

Ni nani katika parokia yetu aliyefiwa kwa mauaji, na mara ya mwisho tulimsikiliza lini bila kumpa mashauri?

Je, tunapotamka neno msamaha katika mtaa wetu, tunamaanisha msamaha, au tunamaanisha kwamba tumechoka kudai haki?

Katika gereza lililo karibu nasi, wako wafungwa wagonjwa. Kikundi chetu kitafanya nini kabla ya mwezi huu kwisha?